Mwewe kala vifaranga, wewe unamtegea nani sumu?

SEHEMU YA 1

Mama zangu, dada zangu, leo sina salamu ndefu.

Kuna ujumbe unazunguka kwenye magrupu ya kina mama. Mimi nimetumiwa mara nne na watu wanne tofauti, wote wananiuliza, "Nesi, hii ni kweli?" Ujumbe unasema kama kunguru, mwewe na nguchiro wanakumalizia vifaranga mchana kweupe, chukua dagaa, changanya na dawa ya wadudu ya shambani, tandaza uani asubuhi, jioni unaokota mizoga. Chini yake watu wamepiga makofi. Mmoja kaandika, "Mimi nimeshatumia, ni kiboko."

Jibu langu ni ndiyo, inaua. Swali ni inaua nani. Na hapo ndo nataka tugombane kidogo, maana naona tunabembelezana kwenye jambo ambalo mwisho wake tunaupokea sisi wodini.

Nafanya kazi wodi ya watoto. Mtoto aliyekula sumu haji na bango kifuani. Anakuja amefungwa kwenye kanga, mama anasema degedege limempanda ghafla, bibi aliyemsindikiza anasema huyu kachezewa na watu. Ukimlaza kitandani unaona mwenyewe: mate yanamtoka hayakatiki, machozi yanatiririka bila kulia, jasho, kajikojolea, anaharisha, mboni za macho zimekuwa ndogo kama kichwa cha pini, kifua kinakoroma kama kimejaa maji. Na kweli kimejaa, kwa sababu dawa nyingi za wadudu zinavuruga mishipa ya fahamu, mwili unazalisha majimaji kila mahali mpaka mapafu yanazama. Hapo hatuanzi kuuliza habari za malaria. Tunauliza, "Mama, nyumbani kuna dawa ya shambani? Kuna sumu yoyote mmetega?" Mama ananyamaza. Ule ukimya mimi naujua sasa.

Kuna mmoja alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Alikuwa ameanza kutembea, yuko katika ule umri ambao kila kitu kinapitia mdomoni, hata kandambili. Alimwona kuku anadonoa dagaa chini, naye akadonoa. Dagaa wenyewe hawakuzidi watatu. Tulimchoma atropini, tukarudia, tukarudia tena, huku tunafyonza mate na kumwekea oksijeni, mpaka kifua kikakauka. Alilala kwetu siku kadhaa, akatoka anatembea. Huyo alipona, ndiyo maana namsimulia. Yupo mwingine simsimulii, kwa sababu mama yake yumo humu humu mtandaoni na sitaki akutane na habari za mwanawe kwenye ukurasa wangu.

Sumu ile hakuitegea mtoto, alimtegea kunguru. Kwani nani aliwahi kumtegea mtoto sumu?

SEHEMU YA 2

Nimesoma majibu yenu ya jana, hata yale ya matusi. Nayajibu, ila siyo yote, mengine nimemwachia Mungu.

"Wewe nesi huna kuku, hujui uchungu." Mpendwa, ninao. Nimelelewa na mama aliyetulipia daftari kwa mayai, na mpaka leo huku pembezoni mwa jiji ninakoishi nina koo wawili, tembe wanne na jogoo mmoja mkorofi ambaye majirani wanamjua kwa sauti. Najua vizuri ule mlio koo anaoutoa akiona kivuli angani. Najua unavyotoka jikoni mbio na mwiko mkononi ukakuta vifaranga waliokuwa kumi na moja wamebaki tisa, na huyo mwewe keshakuwa nukta. Hasira yake siidharau hata kidogo.

Na siidharau kwa sababu nyingine. Kuku wa uani ndiyo mali pekee ya wanawake wengi ambayo hawaombi ruhusa kuiuza. Shamba la baba, pikipiki ya baba, hata simu wakati mwingine ya baba. Kuku ni wa mama. Ndiyo nauli ya kliniki, ndiyo sare ya shule, ndiyo hela ya panadol usiku. Na ndiyo yai la mtoto. Mnajua nawasumbua na habari za yai kila mwezi, mtanivumilia: ule utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 30 kati ya kila 100 wenye umri chini ya miaka mitano nchini kwetu wamedumaa. Thelathini! Yai moja la kienyeji lina protini gramu tano mpaka sita, na mtoto akishatimiza miezi sita anaweza kulila likiwa limeiva vizuri. Kwa hiyo mwewe akibeba kifaranga, anabeba na mayai ya mwaka kesho. Kwenye hilo tuko upande mmoja, mimi na wewe.

"Mtoto wangu mkubwa, nimeshamkataza." Una mmoja. Je, mdogo wake? Mtoto wa mpangaji je? Wale wa jirani wanaopita uani kwako kufuata mpira? Sumu haijui nani kakatazwa.

"Mimi naitega asubuhi halafu naizoa jioni." Ulihesabu dagaa uliowatandaza? Maana kunguru habebi akala pale pale, anabeba anakwenda kula anapojisikia. Anadondosha njiani. Anadondosha juu ya bati lako ambalo mvua ikinyesha maji yake unakinga kwenye pipa. Halafu ndege aliyekula sumu hafi palepale alipolia, anafia alipofika. Panaweza kuwa kisimani. Panaweza kuwa kwenye uwanja wa shule ya chekechea, na watoto wa chekechea mnawajua, mzoga kwao ni mchezo.

Kuna dada kaniandikia kwa upole kwamba yeye hatumii dawa ya shambani, anatumia sumu ya panya tu, ile wanayopita nayo vijana na kipaza sauti: sumu ya panya, mende, kunguni, viroboto, chawa. Dada yangu, dawa moja inayoua vyote hivyo wewe unaiamini? Kile kipaketi mara nyingi hakina jina la dawa wala maelezo yoyote, na sisi mtoto akiletwa hatujui tunapambana na nini. Zipo sumu za panya zinazotoa gesi ikikutana na asidi ya tumboni. Zipo zinazozuia damu kuganda, mtoto akizila leo anacheza vizuri, kesho anacheza, keshokutwa fizi zinatoka damu na mama hata hakumbuki kwamba alitega kitu. Na kipaketi kinauzwa kwa bei ya chai na andazi, ndiyo maana hakuna anayekihofia.

SEHEMU YA 3

Haya, tuseme huna mtoto mdogo, huna jirani, unaishi peke yako na kuku wako kama nahodha kisiwani. Bado nakwambia sumu haikusaidii.

Kwanza unamtegea nani? Nauliza kwa sababu ukiuliza kina mama nani anakula vifaranga, kila mtu anasema mwewe. Mwewe kabebeshwa kesi za mtaa mzima. Ukikuta kifaranga kapotea bila hata unyoya, mchana, uwanja wazi, hapo mtuhumiwa ni mwewe au kunguru. Wakipungua mmoja mmoja kila siku kimya kimya, koo hata hapigi kelele sana, angalia paka, na huenda ni huyo huyo unayemlisha. Ukikuta watano au sita wameuawa, wameachwa wametapakaa, wengine hawakuliwa kabisa, huyo ni mbwa, na mbwa mara nyingi ana mwenyewe. Mayai yakitoweka kwenye kiota mzima mzima, fikiria kenge, anameza bila kuvunja. Ukikuta maganda yamevunjwa, fikiria nguchiro au kunguru. Nguchiro anatokea kichakani, anapenda pembeni kwenye majani marefu, na anaweza kumkamata hata kuku mkubwa.

Sasa mwewe anayenyakua kifaranga anayekimbia, dagaa wako wa chini wanamhusu nini? Unamkomoa nani? Atakayekuja kula dagaa ni paka wa jirani, mbwa, na kuku wenyewe. Kuku, mama! Kuku hawezi kupita kwenye dagaa akaacha. Nimeona nyumba iliyomaliza kuku wake saba kwa sumu waliyomtegea nguchiro, na nguchiro alionekana Jumapili iliyofuata anakatiza barabara na mkia wake juu.

Na hapo ndipo linapokuja la pili, ambalo linaniudhi kuliko yote. Kuku akianza kuyumba, tunafanyaje huku kwetu? Tunamwahi na kisu. "Mchinje kabla hajafa, asiwe haramu." Jioni anapikwa, firigisi anapewa baba, utumbo unakaangwa watoto wanagombania. Sumu iko wapi kwenye kuku aliyeila muda huo? Iko kwenye gole na firigisi. Kuchinja hakuondoi sumu, na kuchemsha usiitegemee. Kuku anayeyumba baada ya jirani kutega, au hata kama hujui kinachomyumbisha, hafai kuliwa. Fukia shimo refu, mbali na kisima, shika kwa mfuko wa plastiki siyo kwa mkono mtupu. Najua inauma. Najua ni shilingi ngapi. Fukia.

Tatu, kunguru. Hawa weusi wenye shingo ya kijivu siyo wenyeji wetu. Asili yao India, waliletwa Zanzibar miaka ya 1890 eti wasaidie kula uchafu mjini, na kutoka hapo wakaenea pwani yote, Dar, Tanga, Mombasa. Walioletwa kula taka wakaona vifaranga ni vitamu zaidi. Ni ndege wenye akili kuliko baadhi ya watu ninaowajua. Sumu inayoua haraka, mmoja akianguka wenzake wanaona, wanapiga kelele mti mzima, na chakula kile hawakigusi tena. Ndiyo maana wataalamu wanaowapunguza kwa ajili ya serikali wanatumia mitego maalumu na sumu maalumu ya ndege inayofanya kazi polepole, wanaandaa chambo kwa utaratibu wao na wanajua wanachoshika. Hiyo siyo kazi ya mimi na wewe na sufuria la jikoni. Maana hata hili nimelisikia, watu wanachanganyia sumu kwenye sufuria, wanaosha, wanarudisha kabatini.

Na kunguru tunawaita wenyewe. Maganda ya samaki nje, ugali wa jana nje, taka za jikoni nyuma ya nyumba wazi, halafu unamwaga chenga za mchele katikati ya uwanja unaita "kwa kwa kwa". Umeita kuku, umeita na kunguru, na kunguru amefika wa kwanza.

SEHEMU YA 4

Mmeuliza, "Basi tufanyeje, tuwaangalie tu?" Hapana. Ila naomba tuelewane jambo moja. Wanaouawa zaidi mchana ni vifaranga wa wiki za mwanzo. Kuku akishafika kama wiki nane, ana manyoya, anajua kukimbia, anajua kulala chini akisikia mlio. Kunguru hamuwezi tena, na mwewe inabidi ajipange. Kwa hiyo huhitaji vita na ndege wote wa angani. Unahitaji wiki nane.

Wiki nane hizo vifaranga wakae ndani ya kitu chenye juu. Ule ua wa pembeni tu wa makuti hautoshi, mwewe hapiti mlangoni. Tenga la kienyeji linatosha kwa wiki mbili za mwanzo, lile la mianzi au fito tunalobebea kuku sokoni. Ligeuze chini juu, weka jiwe juu yake, koo na wanawe ndani, mchana. Wakikua tengeneza kizimba cha fito, hatua mbili kwa moja kinatosha koo mmoja na watoto kumi, kimo mpaka magotini. Juu funika kwa wavu. Wavu wa kuvulia uliochakaa ni rahisi kuupata huku pwani na unafaa. Pembeni chini weka waya wa matundu madogo, kwa sababu nguchiro kichwa chake kikipita amepita wote, na uufukie shubiri moja ardhini maana anachimba. Uwe unakihamisha kizimba kila siku mbili tatu, vifaranga wapate majani mapya na wadudu, na kinyesi kisirundikane sehemu moja.

Na hapo naomba nichomekee la kinesi. Chandarua ulichopewa kliniki ukiwa mjamzito siyo cha vifaranga. Nimeviona, nimeviona kwa macho yangu, vyeupe vipya kabisa vimefunika kuku, na mtoto wa nyumba hiyo kalazwa kwetu na malaria. Tutakosana.

Kama huna uwezo wa kizimba wiki hii, mfunge koo. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, hata mwenyeji akiwa na watoto siyo aibu. Kitambaa laini mguuni, kamba ya hatua mbili, kigingi karibu na mahali penye mfuniko. Vifaranga hawaendi mbali na mama yao. Mfuniko wenyewe uwe chochote: kichanja cha vyombo, meza mbovu, bati lililoegeshwa ukutani, kitanda cha kamba kilichovunjika. Hili la mfuniko tunalisahau sana kwa sababu tunapenda uwanja uliofagiwa unang'aa. Mimi mwenyewe ndiye ninayewahubiria usafi wa uwanja, sirudi nyuma, lakini uwanja mweupe usio na hata kichaka kwa kifaranga ni kama kusimama barabarani usiku bila taa. Acha kona moja yenye michaichai, au panda mihogo michache ijibanane, tena iwe katikati karibu na nyumba, siyo kule pembeni kwenye pori la nguchiro. Pori la pembeni lifyeke.

Chakula wape ndani ya tenga lenye nafasi za kupita kifaranga tu. Kunguru atazunguka atachoka. Chenga za mchele, pumba laini, unga wa dagaa kidogo, mchicha uliokatwakatwa, mchwa ukiwapata. Msiniambie huwezi kuwalisha wiki nane, vifaranga kumi wa wiki ya kwanza wanakula kiasi ambacho mtoto wako anabakiza kwenye sahani. Maji safi kwenye kifuniko, na weka vijiwe ndani wasizame. Jioni jua likipungua wafungulie saa moja au mbili wakati wewe mwenyewe uko uani unaosha vyombo au unasuka. Mtu mzima aliyekaa tu pale uani anatisha kuliko sanamu la shambani. Kanda za kung'aa, sidii zilizoning'inizwa, kunguru aliyekufa akatundikwa, vinafanya kazi siku chache halafu wanazoea, kwa hiyo ukivitumia vihamishe. Wapo wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau ili mwewe asiwatambue. Kama inasaidia au haisaidii mimi sigombani nao, rangi haijawahi kumleta mtoto wodini kwangu.

Mtauliza hela ya waya inatoka wapi. Naomba akina baba mliomo humu msogee. Maana nawajua, mnasoma hamwandiki. Baba anasema kuku ni mambo ya wanawake, lakini mgeni akifika yeye ndiye anayenyoosha kidole: mchinjieni yule jogoo. Kuku ni wa mama wakati wa kulisha, ni wa familia wakati wa kuliwa. Fito unaweza kukata. Misumari unayo. Jumamosi moja kabla ya mpira kizimba kimesimama, na hakuna fundi anayehitajika. Kuna kaka mmoja aliniambia "lakini Nesi, sumu ni rahisi, mia tano tu." Kaka yangu, hiyo mia tano hujahesabu nauli ya usiku, siku za kulazwa, mkeo kulala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mtoto, na kuku saba.

Na kabla hamjamlaumu tena mwewe, ulizeni kuhusu mdondo, wengine mnaita kideri. Ukiingia unafagia banda zima, vifaranga na wazazi wao. Chanjo yake ni tone moja jichoni, inarudiwa kila miezi mitatu. Muone afisa mifugo wa kata, na ikiwezekana mchange wanawake watano, kichupa kimoja kinachanja kuku wengi. Nimeona mtu amejenga kizimba cha kifahari kisha kuku wote wakafa kwa mdondo ndani ya wiki moja. Inasikitisha kuliko mwewe.

SEHEMU YA 5

Hii ni fupi, nimechoka, ila kuna watu wamenitumia ujumbe wa pembeni na sitaki kulala nalo.

Msiwape watoto wadogo kazi ya kulinda vifaranga. Mtoto wa miaka mitano anapewa fimbo, anaambiwa mwewe akija mfukuze. Anakimbia anaangalia juu, mbele kuna shimo la choo halijafunikwa. Mwenye miaka tisa anapewa manati, na jiwe la manati likikosa kunguru linatafuta jicho la mwenzake. Macho hayo tunayapokea, na mengine hayaoni tena. Na akija mbwa kumshika kuku, mtoto ataingia katikati, kwa sababu yule kuku kampa jina.

Mtoto akiumwa na mbwa, paka au nguchiro aliyekuja kuku, msiseme kakwaruzwa tu. Kichaa cha mbwa kinabebwa na hao wote, na dalili zikishatokea hatuna tiba. Osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kwa saa, msipake majivu, msipake mafuta ya taa, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, na mtamaliza sindano zote kwa tarehe mlizoandikiwa. Nguchiro anayeingia uani mchana, hakimbii watu, anayumba au anatafuna hovyo, ingizeni watoto ndani na mumjulishe mtendaji wa mtaa au afisa mifugo. Mwenye mbwa naye achanje mbwa wake kila mwaka, na afungwe mchana. Mbwa, siyo mwenyewe, ingawa wengine wangestahili.

Sasa kwa yule aliyeandika saa sita usiku kwamba alishatega kabla hajasoma post ya kwanza. Nimekujibu kwako, naandika hapa kwa wengine pia. Vaa mifuko ya plastiki mikononi, okota chambo chote pamoja na udongo wa juu pale kilipokuwa. Kifukie shimo refu mbali na kisima na mfereji, usichome moto, usitupe chooni. Fungia kuku ndani siku hizo. Mizoga fukia vilevile. Kilichobaki kwenye kopo usikimimine kwenye chupa ya soda, jamani, chupa ya soda ndiyo inayotuletea watoto wengine nusu. Funga kiwe juu kabisa, kwenye kufuli, kikiwa na lebo yake, mpaka umuulize bwana shamba pa kukipeleka.

Mtoto akigusa au akila, au ukihisi tu kwamba kala: usimtapishe. Usimpe maziwa, usimpe mayai mabichi, mafuta wala maji ya chumvi, najua bibi atasema, bibi mpendeni ila hapo msimsikilize. Futa mdomo, mvue nguo zilizomwagikiwa, muoshe ngozi kwa sabuni na maji, mlaze ubavu wa kushoto ili akitapika asipaliwe. Chukua kipaketi au kopo la dawa, hata kama limechanika, liweke kwenye mfuko uje nalo. Panda bodaboda ya kwanza. Na ukifika mapokezi useme neno "sumu" kwa sauti, mbele ya watu wote, hata kama mumeo amekwambia usiseme, hata kama jirani kakuangalia. Ukweli huo ndio unaomwokoa mwanao, tunachotaka ni kujua dawa gani na saa ngapi. Dakika ulizozitumia kutafuta maneno mazuri, sisi huku tunazitafuta na hatuzipati. Akionekana mzima mlete hivyo hivyo, kwa sababu ya zile za kutoka damu siku ya tatu.

Maswali ya chanjo ya mdondo na vipimo vya kizimba wekeni hapa chini. Kuanzia kesho nipo zamu ya usiku, nitayajibu asubuhi nikitoka.